Shahidi Aliyekataa Biriani

"Da Badria, umeshawahi kuona mtu wa pwani akakataa biriani ya harusi?"

Yumna aliuliza swali hilo akiwa amesimama katika ofisi ya Badria, mpelelezi wa kujitegemea, mkoba begani, sare ya uuguzi bado mwilini. Alikuwa ametoka zamu hospitalini na hakutaka kukaa, kwa kuwa njia ya kwenda nyumbani kwake Pearland saa hizo hujaa magari. Badria alimsogezea kiti hata hivyo.

"Nimeona mtu akakataa kwa sababu ya sukari. Keti."

"Huyu hana sukari. Na si biriani tu, kadi ya mwaliko kairudisha. Kampa mkewe ailete mpaka mlangoni kwangu, na maneno kwamba Ijumaa ana kazi. Yadi ni yake mwenyewe! Nani atamnyima ruhusa?"

"Nani huyo?"

"Shemeji yangu Shuaib."

Badria alikuwa akilijua jina. Shuaib alikuwa na yadi ya magari Stafford, na nusu ya watu wa Mombasa na Unguja walioko Houston waliendesha magari aliyowauzia. Alikuwa binamu wa Ahmada, marehemu mume wa Yumna. Mabinamu hao wawili walikuwa Japani pamoja, wakinunua magari yaliyotumika na kuyasafirisha nyumbani, zilzala, yaani tetemeko la ardhi, ilipoupiga mji wa Kobe mwezi wa Januari, mwaka wa tisini na tano. Shuaib ndiye aliyempigia simu Yumna, aliyekuwa Houston, kumpa habari ya kifo. Baadaye naye alihamia Houston, akaenda kwa imamu, akaapa kwamba alimwona Ahmada amekufa na kwamba alikuwepo makaburini. Imamu aliukubali ushahidi huo. Shahidi mwingine hakuwepo.

Sasa ulikuwa Oktoba wa mwaka wa tisini na tisa, na Ijumaa hiyo Yumna angeolewa na Haitham, mfamasia wa Sugar Land, mtu mpole aliyemsubiri mwaka mzima aseme ndiyo.

"Labda Shuaib alikutaka mwenyewe," Badria alisema. "Wapo wanaosema hivyo."

"Wanaosema hivyo hawamjui Nuha mkewe. Angemkata masikio akayatia kwenye samli."

Badria alicheka. Yumna hakucheka. Hatimaye alikaa.

"Unaogopa nini hasa, mdogo wangu? Kitaje kwa jina."

Yumna aliutazama mkoba wake. "Mtu aliyemzika mume wangu, akanipa mkono wa tanzia, anakimbia harusi yangu kama kwamba chakula kina najisi. Naogopa kuwa mke wa watu wawili."

* * *

Kabla ya kupata leseni yake ya upelelezi, Badria alikuwa mkaguzi wa madai ya bima. Kazi ile ilimfundisha jambo moja lililomfaa kuliko mafunzo yote ya darasani. Watu huwa wanaupanga vizuri uongo wa tukio. Wanajua gari lilitokea upande gani, nani alipiga breki, nani alipiga kelele. Ila mahali pa tukio hawapapangi, kwa sababu mahali hapana hatia. Mtu ukimwacha atembee katika mahali anapopajua, hujisahau.

Kwa hiyo alikwenda maktaba kuu ya mji, akaomba vitabu vya wasafiri vya Japani, akashinda navyo alasiri nzima. Hakuvisoma kama mtalii. Alivisoma kama mtu anayejifunza njia za nyumba atakayoingia kesho. Alipotoka alikuwa ameshika kichwani sehemu moja ndogo ya dunia, wilaya ya katikati ya Kobe, iitwayo Chuo: kituo cha treni kiko wapi, mlima uko upande gani, wageni walijenga wapi, nini huonyeshwa kiangazi na nini majira ya baridi.

Dhana yake ya kwanza ilikuwa nyepesi, na aliipenda. Shuaib hakuwahi kufika Kobe. Alisikia habari za kifo kwa watu, akajifanya shahidi apate sifa, na sasa dhamiri inamsuta.

* * *

Shuaib alimpokea katika ofisi ya yadi, chumba chenye kiyoyozi kinachonguruma na birika la chai ya tangawizi. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye mikono isiyotulia.

"Karibu dadangu. Unataka gari gani, Kamri au Korola? Nina Kamri moja, bibi wa Kizungu alikuwa akiendea kanisani tu."

"Kila gari la yadi hii lilikuwa la bibi wa kanisani?"

"Wallahi wanawake wacha Mungu ni wengi Texas."

"Nimetumwa na Yumna," Badria alisema. Alimwona akiweka kikombe chini polepole. "Anaolewa Ijumaa, na wewe ndiwe mtu wa mwisho kukaa na Ahmada. Hajawahi kuisikia habari kamili. Nataka nimpelekee."

"Nilimweleza yote."

"Ulimweleza kwa simu, naye alikuwa akilia. Nieleze mimi, nisiyelia. Lakini kwanza nitembeze."

"Nikutembeze wapi?"

"Kobe. Tumeshuka kwenye treni, tuko Sannomiya. Tunaelekea wapi?"

Shuaib alimtazama kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakukiagiza lakini anakipenda. Mikono yake ilipanda juu ya meza.

"Kwanza nikwambie, wilaya yenyewe inaitwa Chuo. Nilimwandikia mamangu niko Chuo, mama akatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe anasoma." Alicheka peke yake. "Basi. Kobe hakupotei mtu. Mlima huku, bahari kule, mji umebanwa katikati kama samaki kwenye mkate. Ukitoka kituoni ukaona unapanda, unakwenda Kitano."

"Kuna nini Kitano?"

"Majumba ya wafanyabiashara wa kigeni wa zamani. Madirisha ya mbao, roshani. Moja lina jogoo wa chuma juu ya paa, anageuka na upepo. Watu wanatoka mbali kuja kupiga picha na jogoo! Ahmada alikuwa akisema, kwetu jogoo wa kweli hapigwi picha, anapigwa mawe."

"Na msikiti uko hapo hapo juu, karibu na jogoo," Badria alisema.

"La, la. Msikiti uko chini yake, kabla ya mwinuko kukaza. Nani kakwambia uko juu? Unaliona kuba lake kwenye kona, katikati ya maduka, mpaka unadhani umeota."

Badria alikuwa ameuhamisha msikiti kwa makusudi, na Shuaib aliurudisha mahali pake bila kufikiri. Badria alikunywa chai.

"Tumeshaswali. Sasa tuna njaa."

"Njaa, utaiona Nankinmachi! Unapita Motomachi kwanza, maduka chini ya paa refu, halafu unaingia mtaa wa Wachina. Mvuke, ngoma, taa nyekundu, na maandazi yamejaa nyama ya nguruwe. Sisi tunapita tumeziba pua na mate yanatutoka. Tunakwenda kula wali na samaki bandarini, chini ya mnara mwekundu. Mnara wenyewe umebanwa kiunoni kama mwanamke aliyefunga kibwebwe."

"Na magari yenu?"

"Ng'ambo, kwenye kisiwa. Wamekijenga wenyewe, wameukata mlima wakaumwaga baharini. Treni ya kwenda huko haina dereva. Mara ya kwanza Ahmada alikataa kupanda. Alisema yeye hapandi chombo kisicho na mtu wa kulaumiwa."

Badria aliiacha dhana yake ya kwanza ianguke. Mtu huyu hakupata Kobe yake kwa watu. Aliishi humo, na aliipenda. Basi kama kuna uongo, haumo katika mji, wala haumo katika Ahmada, kwa maana Ahmada alikuwa akizungumza katika kila mtaa.

"Sasa niambie alfajiri ile," alisema.

Shuaib alijivuta nyuma. "Usiku wake ulikuwa wa nisfu Shaaban. Tulisoma Yasini, tukalala kidogo, tukaamka kula daku. Nilikuwa mlangoni, natoka kwenda kutia udhu. Kwanza mngurumo, kutoka chini, kama lori linapita ndani ya ardhi. Kisha nikajikuta barabarani. Nyumba ilikuwa ya mbao, na paa la vigae vizito. Ililala chini. Ahmada alikuwa ndani."

"Nani alimwosha?"

Hilo lilikuwa swali la mkaguzi. Mtu anayedanganya habari ya mazishi hukumbuka sanda, hukumbuka machozi, lakini husahau maji. Shuaib hakubabaika.

"Maji yalikuwa wapi? Mabomba yalikatika mji mzima. Alitayamamishwa kwa mchanga. Akazikwa mlimani, kwenye makaburi ya wageni."

Lilikuwa jibu zuri, la mtu aliyekuwepo. Mtu mwingine angefunga mkoba hapo, akampelekea Yumna salamu njema. Badria hakufunga. Alikuwa akiitazama mikono ya Shuaib. Tangu Sannomiya mpaka kisiwani mikono ile ilikuwa juu ya meza, ikionyesha kushoto na kulia, ikichora mnara, ikigeuza jogoo. Ilibaki juu mpaka nyumba ilipoanguka. Tangu Ahmada alipotajwa kuwa ndani, ilikuwa chini ya meza, na haikuonekana tena.

Kwa hiyo zilzala ilikuwa kweli, na daku, na mabomba. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja, kimezungukwa na ukweli pande zote, na Badria alijua hatakifikia kwa kukigonga. Angemrejesha Shuaib matembezini.

"Yumna ataniuliza jambo moja tu," alisema kwa upole. "Mumewe alipenda wapi zaidi katika mji ule?"

Shuaib alipumua. Mikono ikapanda.

"Taa," alisema mara moja. "Desemba. Wanasimamisha matao ya taa, tao nyuma ya tao, kutoka mtaa wa zamani wa wageni mpaka bustani iliyo karibu na jumba la baraza la mji. Taa za rangi, maelfu, zimepangwa kama darizi. Unatembea chini yake na watu wote kimya. Ahmada alisimama akatazama juu mpaka shingo ikamuuma. Akasema, yakhe, ni kama tumeingia ndani ya kofia ya viua, na jua linapita kwenye matundu."

"Mlikuwa wote wawili?"

"Bega kwa bega. Alinishika mkono kabisa. Kulikuwa na mzee mbele yetu analia."

"Pazuri namna hiyo, mtu analia nini?"

"Si kwa sababu zile taa wanaziwasha kwa ajili ya..."

Mikono ilibaki hewani, mmoja juu ya mwingine, kama tao lisilokwisha kujengwa.

"Malizia," Badria alisema.

Kiyoyozi kilinguruma.

"Kwa ajili ya nani, bwana Shuaib?"

"Ya waliokufa katika zilzala."

"Ndivyo. Ziliwashwa mara ya kwanza Desemba ya mwaka ule ule, kuwakumbuka waliokufa Januari. Kabla ya hapo hazikuwepo. Sasa nisaidie. Ahmada amelala mlimani tangu Januari. Alikushikaje mkono Desemba?"

"Nimechanganya. Alikuwa mtu mwingine."

"Mtu mwingine aliyeijua kofia ya viua?"

"Watu wa pwani wako kila mahali."

"Kweli. Basi apa. Uliapa kwa imamu kwamba umemwona amekufa. Niapie mimi sasa, hapa, na mimi naondoka. Sikusumbui tena."

Shuaib alifungua mdomo. Badria alisubiri, bila haraka, kwa kuwa alikuwa na uhakika. Mdomo ulifungwa tena. Yule mtu mnene alijifuta uso kwa viganja vyote viwili na alipoviondoa alionekana amepungua.

"Nilimtoa mwenyewe chini ya vigae," alisema. "Mzima. Kakwaruzwa kichwa tu. Watu wa jirani walitusaidia kuinua boriti, na kulikuwa na mwanamke mmoja alitupa blanketi, akatupikia wali shuleni tulikolala. Ndiye mkewe leo. Ahmada alikaa wiki nzima hajasema neno, kisha akaniambia, mpigie Yumna, mwambie nimekufa."

"Kwa nini asimwache kwa talaka kama watu?"

"Nilimwuliza hivyo hivyo! Akasema talaka itamwaibisha. Watu watauliza amefanya nini. Mjane haulizwi, mjane anapikiwa. Akasema maiti ni wengi mno, mmoja zaidi hatamdhuru mtu." Alitikisa kichwa. "Ni binamu yangu, dadangu. Nilimtoa chini ya nyumba. Unapomtoa mtu chini ya nyumba, humkatalii kitu."

"Na kiapo?"

"Yumna alikuwa akihangaika, huku hana mume, huku si mjane mbele ya imamu. Nilidhani namfungua. Sikuwaza ndoa. Nilipoiona kadi ya mwaliko, ndipo nikaona nilichofanya. Nitakaaje nile biriani ya ndoa ambayo mwenyewe najua si ndoa?"

"Ukaona ukikosa chakula, dhambi inapungua."

Shuaib alikisukuma kikombe chake kando.

Badria alivuta simu ya mezani mpaka mbele yake mwenyewe. "Namba ya Kobe unayo."

"Ninayo."

"Hutampigia wewe. Yumna mwenyewe atampigia," Badria alisema, akabonyeza namba ya Yumna.

* * *

Yumna alifika jua likiwa limeinama juu ya barabara kuu, na magari ya yadi yanang'aa kama yameoshwa. Badria alimweleza nje, akiwa amemshika kiwiko, kwa maneno machache yaliyonyooka. Hakuongeza pole. Yumna alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Una hakika?" Badria akasema, "Nina hakika." Wakaingia.

Shuaib alisimama. "Shemeji..."

"Kaa, shemeji. Nitajie namba."

Alikuwa na kadi ya simu ndani ya mkoba, ile wanayopigia nyumbani. Aliikwangua kwa ukucha, akabonyeza namba bila kukosea. Kobe kulikuwa kumekucha, watu wanajitayarisha kwenda kazini. Badria alibonyeza spika.

"Moshi moshi," ilisema sauti ya mtoto wa kike, ikiitikia simu kwa Kijapani.

Yumna alifumba macho. Alipoyafumbua alisema, kwa Kiswahili, taratibu, "Hujambo. Baba yupo?"

"Yupo," mtoto alijibu, kwa Kiswahili safi cha Unguja. "Baba anavaa soksi."

Simu iliwekwa juu ya kitu kigumu. Zilisikika nyayo, mwanamke akisema jambo kwa mbali, kisha kikohozi ambacho Yumna alikitambua kabla ya neno lolote, maana mabega yake yalishuka.

"Hallo? Nani mwenzangu?"

"Mjane wako."

Kule ng'ambo kiti kilikwaruza sakafu.

"Yumna," ilisema sauti ile.

"Usinieleze, Ahmada. Nimeshaelezwa, na kadi yangu haina dakika nyingi. Nilikukalia eda ya kifo. Nilivua dhahabu yangu, sikupaka hata wanja, nilifungiwa chumbani katika nchi ya watu nikikulilia wewe. Sasa nataka ile nyingine, ya talaka, niikalie kwa haki. Nitamkie."

"Nisikilize kidogo. Wallahi nilidhani itakuwa nyepesi kwako. Nilitaka wakuheshimu..."

"Waliniheshimu. Nitamkie."

"Yumna, mimi..."

"Shuaib yuko hapa. Da Badria yuko hapa. Wanasikia. Nitamkie."

Aliitamka. Mara moja, kwa sauti ya chini, kwa jina lake kamili na jina la baba yake.

"Nimesikia," Yumna alisema. "Mwanao anaongea vizuri. Mungu amkuze."

Akakata yeye.

Shuaib alikuwa akilia bila sauti, kitambaa cha kufutia vioo vya magari kimemjaa mikononi. Yumna hakumtazama kwa hasira wala kwa huruma. "Kesho baada ya adhuhuri tunakwenda kwa imamu, mimi na wewe," alimwambia. "Utasema ulichosema hapa. Chote."

"Nitasema."

"Na Nuha mwambie leo, kabla hajasikia kwa watu."

Badria alifikiri kazi imekwisha. Lakini Yumna aliinua simu tena, na safari hii alibonyeza namba za Houston, na spika hakuitaka.

"Haitham? Uko dukani? ... Kaa kitako kwanza. ... Kaa tu. Ijumaa haipo. Ahmada yu hai." Aliihamishia simu sikio la pili. "Yu hai, ana mke, ana mtoto. Nimeongea naye sasa hivi. Ameniacha, na nina eda ya kukaa kuanzia leo. ... Hapana, sikuombi jambo lolote. Nakwambia tu, kwa sababu ni haki yako uisikie kwangu. Ukumbi nitaufuta mimi. Mama yako nitamweleza mimi."

Kisha akasikiliza. Badria, ambaye miaka mingi alizisoma nyuso za watu wanaosubiri majibu, aliutazama uso ule na hakuweza kuusoma. Yumna alikuwa amenyooka, kidevu juu, kama anavyosimama muuguzi mbele ya mgonjwa anayepiga kelele. Haitham alisema maneno mengi, au alisema machache na akayarudia. Yumna alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Sema tena," alisema. "Utasubiri eda iishe? Sijakusikia vizuri."

Akasikia.

"Basi njoo Stafford," alisema, na sauti ikamvunjika kwa mara ya kwanza siku ile. "Njoo na dadako, mnichukue. Siwezi ku-drive."